Mita 400 hadi Bombani

Ukiitazama ramani ya Mkoa wa Kigoma ukiwa umekaa mjini, ndugu msomaji, utadhani huko hakuna mtu anayeweza kulalamikia maji. Magharibi umelala ukanda mrefu wa Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, lenye kiasi cha sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Mashariki upo mto Malagarasi na mabwawa yake, ambayo mwaka 2000 yalikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhioevu.

Sasa panda hadi Nyakitonto, kata ya Wilaya ya Kasulu upande wa kuelekea Kibondo. Ziwa liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Waha zinapita mita 1,200. Maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Yatapanda kwa mashine na mafuta, au yatapanda juu ya kichwa cha mama. Na kwa sehemu kubwa ya historia ya nyanda hizi, ni kichwa cha mama kilichofanya kazi hiyo, kutoka chemchemi ya bondeni hadi mgongo wa kilima.

Tunaambiwa kila mwaka, inapofika tarehe 22 Machi, kwamba asilimia 97 na zaidi ya maji ya dunia ni ya chumvi, na kwamba maji baridi mengi yameganda kuwa barafu. Ni kweli tupu. Lakini takwimu hiyo haimwambii mtu wa Nyakitonto kitu asichokijua. Yeye anajua kwamba maji yapo. Shida yake ni umbali.

Hapo zamani Waha waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo na kilima chake, na chemchemi moja ilihudumia kaya chache. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamishiwa vijijini, vingi vikiwa kando ya barabara, ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa pamoja. Nia ilikuwa njema. Ila barabara hufuata mgongo wa kilima, nayo chemchemi iko chini bondeni. Kisima cha kaya chache kikawa cha mamia ya watu. Aliyechora vijiji na aliyebeba ndoo hawakuwa mtu mmoja.

Serikali haikulala. Tangu mwaka 1971 ilikuwa imetoa ahadi ambayo wenye umri wataikumbuka: katika miaka ishirini, yaani hadi 1991, kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Na maji ya vijijini yalikuwa bure. Mikoa ikagawiwa wafadhili kama mashamba: Wafini wakaenda Mtwara na Lindi, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waswidi kando ya Ziwa Victoria, Wanorwe wakapewa Rukwa na Kigoma. Ulimwengu nao ukaitikia. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Mar del Plata, Argentina, mwaka 1977, uliandaa njia ya muongo mzima wa maji, 1981 hadi 1990.

Kisha kukaja vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Pampu zilizotegemea dizeli zikanyamaza nchi nzima. Milimani afadhali kidogo, kwa sababu kuna maji ya mserereko yasiyohitaji injini. Lakini hata bomba la mserereko lina koki, na koki huchakaa. Nani ainunue mpya? Kijiji kilisema bomba ni la serikali. Serikali ilisema haina fedha. Mfadhili alikuwa keshafunga mizigo.

Mimi si miongoni mwa wanaoicheka ahadi ile. Nchi maskini iliyothubutu kupima haki ya raia wake kwa mita ilikuwa na ujasiri ambao leo hatuuoni sana. Pungufu lilikuwa jingine: tulihesabu mabomba yaliyofunguliwa kwa ngoma na hotuba, hatukuhesabu yaliyokuwa yakitoa maji mwaka wa tatu. Sera mpya ya mwaka 1991 ikawataka wananchi wachangie. Sera ya 2002 ikakiri bila kuficha kwamba ni kama nusu tu ya watu wa vijijini waliokuwa wakipata maji, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Ikarudia umbali uleule wa mita 400, ikaweka na kipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuibeba kazi hiyo.

Katikati ya hayo Kasulu na Kibondo zilipokea watu wengine. Burundi ilipoungua mwaka 1993, na Kongo mwaka 1996, wakimbizi walivuka kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaongezeka juu yao, ikapita watu laki moja. Mwaka huohuo kipindupindu kilizuka Kagunga, kwenye ufuko wa ziwa lilelile la maji baridi. Watu waliokaa ukingoni mwa maji mengi kuliko wangeweza kuyamaliza walikufa kwa kukosa maji safi ya kunywa. Kipimo cha wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, ndoo moja, nacho mara nyingi hakikufikiwa. Miti nayo ikakatwa kwa kuni, na chemchemi isiyo na miti haikai sana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kulima au kujenga ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Anayelala njaa hapimi mita 60.

Mnaosoma gazeti hili mjini mnaweza kusema hayo ni ya Kigoma. Mwezi Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua, na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo. Wenye nyumba za ghorofa wakapanga madumu foleni pamoja na wapangaji wao. Wataalamu wa kitabu cha Drawers of Water, waliopima matumizi ya maji Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, walikuta mwenye bomba nyumbani akitumia zaidi ya lita 120 kwa siku. Vipimo viliporudiwa miaka thelathini baadaye, kiwango kilikuwa kimeshuka kwa karibu nusu. Si kwamba watu walijifunza kubana matumizi. Mabomba yalikuwa yamekauka.

Kubana kwenyewe kunawezekana. Choo cha kuvuta cha aina ya zamani humeza lita 9 au zaidi kila kikivutwa. Mara tatu, umemaliza lita 25 za mtu wa Nyakitonto. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kupiga deki na kumwaga chooni, jambo ambalo bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa. Bati la mita 30 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hushusha kama lita 600, ikiwa kuna mfereji na pipa.

Na ile koki inayodondosha tone moja kila sekunde, ambayo mwenye nyumba na mpangaji wanategeana? Siku ina sekunde 86,400. Matone hayo yanajaza ndoo ya lita 20, na ziada. Kinachotakiwa ni kipande cha mpira ndani ya koki. Duka lolote la vifaa vya ujenzi wanacho.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za bwawa la Kidunda na kwa nini limechukua miaka mingi hivyo.