Nyama, Moto na Mgeni: Mapishi ya Marekani na Jiko la Nakivale

Historia tuliyozoea kuifundisha ni ya wafalme, vita na mikataba. Ni nadra kuingia jikoni, ilhali chungu nacho hutunza kumbukumbu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mapishi ya nyama yaitwayo ya Kimarekani yalibuniwa na wageni na wanyonge, na kwamba kazi ya namna hiyo inaendelea leo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki ya Mbarara nchini Uganda.

Hambaga, yaani nyama ya kusaga iliyofinyangwa ikakaangwa, ina jina la mji wa Hamburg, nayo huhusishwa na wahamiaji wa Kijerumani wa karne ya 19. Babekyu, nyama iokwayo polepole kwa moto na moshi, imepata jina lake kutoka barbacoa, neno la wenyeji wa visiwa vya Karibi lililopitia Kihispania. Katika majimbo ya kusini, waliokesha kando ya mashimo ya moto walikuwa hasa Waafrika waliotiwa utumwani. Nyama ya chumvi ipikwayo na kabichi nayo ilienezwa na Waayalandi wa New York, walioinunua katika bucha za Wayahudi.

Mapishi hayo yana siri moja. Maskini hakupata sarara. Alipata kidari chenye kano nyingi. Kidari kikikaa saa nyingi juu ya moto mdogo, kano hulainika na nyama huachana yenyewe. Asiye na kuni za kutosha huikatakata nyama kwa kisu au huisaga, nyuzi zikakatika kabla ya kufika motoni, ikaiva kwa dakika chache. Basi, mapishi yote mawili ni majibu ya swali moja: mtu afanye nini na nyama ngumu?

Swali hilo linajulikana vema Ankole. Huko Wahima walifuga ng'ombe wenye pembe ndefu, na utajiri wao ulikuwa kwanza katika maziwa na samli. Ndiyo maana chakula chao cha heshima, eshabwe, ni mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa kwa maji, chumvi na magadi, uliwao pamoja na ugali wa wimbi au nyama iliyokaushwa. Nyama ya kuchoma mitaani Mbarara huitwa muchomo, jina litokanalo na kitenzi chetu kuchoma. Kama barbacoa, neno limesafiri pamoja na moto wake.

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mkongo alikuja na bukari na sombe; Msomali alikuja na tambi za nyama, tambi ambazo zenyewe ziliingia kwao wakati wa utawala wa Waitaliano. Mgao wa wakimbizi, uwe wa chakula au wa fedha, hutegemea zaidi nafaka, maharage na mafuta. Nyama hununuliwa kwa nadra, na mkaa nao una bei. Hivyo mama anayekata nyama vipande vidogo ili sigiri isimalize mkaa anafuata hesabu ile ile iliyozaa mapishi ya Marekani.

Wakongo wengi waliokuwa Uganda walihamishiwa Marekani kabla ya mpango huo kusimamishwa Januari 2025. Wapo wanaodhani kwamba watu hao wameviendea vyakula vya wenyewe. Sisi tunaona kwamba wameingia katika jiko lililojengwa na wahamiaji kama wao, nao wana haki ya kuongeza chungu chao.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatari iliyopo ni kumhesabu mkimbizi kuwa kinywa cha kulishwa tu, tukasahau mikono yake. Ndugu walimu, hatuna budi kuwatuma wanafunzi wetu wakaulize majina ya vyakula, ya vyombo na ya namna za kupika, wayaandike kwa Kiswahili wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Mapishi yasiyoandikwa hupotea pamoja na mpishi. Na siku moja yatakapopata sifa, watu wengine watayapa jina lao.