Chozi la Rambo

Banda la video la utotoni mwangu hapa Kayole lilikuwa la mabati, lenye mabenchi ya mbao na gunia lililotundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Tulilipa, tukabanana, tukamtazama Rambo akiuteketeza mji peke yake. Risasi zilipokoma, mwenye banda aliitoa kanda papo hapo, maana kundi jingine lilikuwa likisubiri nje. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba filamu ile ya mwaka 1982, First Blood, haiishii hapo. Baada ya risasi zote Rambo anaketi chini, anamkumbuka rafiki aliyelipuliwa na bomu kule Vietnam, na analia kwa kwikwi akimshikilia kamanda wake wa zamani. Chozi hilo hatukuliona. Tulitoka tumevimbisha vifua, tukirushiana mateke hadi nyumbani.

Watu wazima hulaumu picha na muziki, na sababu wanazo. Mwaka 2019 kundi la Ethic, vijana wa Umoja, majirani zetu, lilitoa wimbo Tarimbo, ukashutumiwa kwa kushabikia ubakaji, nalo likaomba radhi. Siutetei wimbo huo. Ila swali linaloninyima usingizi ni jingine: msimulizi ni nani, na hadithi anaikatia wapi?

Chukua Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani. Liyongo ni jitu la nguvu, mkuki na mshale havimdhuru. Lakini kifungoni anaokolewa na mamaye, anayemtumia tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mkate uliobebwa na kijakazi Saada. Liyongo anakata minyororo huku ngoma ya gungu ikipigwa nje, kelele zake zikifunika mkwaruzo wa chuma. Baadaye mwanawe mwenyewe anamdunga sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, anafia hapo, na watu, wakidhani yu hai, wanaogopa kuteka maji. Mamaye ndiye anayemwendea, akimbembeleza. Msikilizaji wa utendi haruhusiwi kuondoka kabla ya kumsikia mama huyo.

Wajaluo nao wana Luanda Magere wa Kano, mwenye mwili wa jiwe. Akiwa mgonjwa, mkewe, binti aliyetolewa na adui zake Wanandi, anaambiwa akichanje kivuli ili dawa iingie, na kivuli kinatoka damu. Hapo shujaa anapata mahali pa kuumia. Lakini hadithi hii ina doa, na sitaki kuipamba: siri ya kivuli inapelekwa kwa Wanandi na mke, na mvulana anayeisikia vibaya hujifunza kumficha mwanamke maumivu yake. Kwa Liyongo msaliti ni mwana, mwokozi ni mama. Mimi ningempa mtoto ya Liyongo kwanza.

Wasimulizi wa filamu tumekuwa nao hadi sasa. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kampala ina VJ Jingo, na sisi wa Eastlands, Nairobi, tunamsikiliza DJ Afro, ambaye kwa Kiswahili na Sheng humfanya shujaa wa Hong Kong azungumze kama kijana wa stejini. Ukimsikiliza, unatambua kwamba sauti inayosimulia ina nguvu kuliko bunduki iliyo kwenye skrini. Sauti hiyo ingeweza kusimama kwenye chozi.

Simu haina msimulizi. Kipande cha sekunde thelathini kinampa mvulana ngumi pekee, au kauli ya mtu kama Amerix, anayewafundisha wanaume ugumu kwenye mtandao wa X chini ya hashtegi ya Masculinity Saturday, kisha kipande kingine kinafuata. Mabanda yetu yalikata mwisho wa hadithi. Simu imekata mwanzo na mwisho vyote.

Jumapili moja niliketi na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, tukaitazama First Blood yote kwenye simu yangu. Risasi zilipokwisha alisogeza kidole ili aipeleke mbele. Nikamshika mkono. Rambo akaanza kutetemeka, uso ukakunjamana, maneno yakamtoka yamevunjikavunjika.

"Anko, kwani stelingi hulia?"

"Ngoja," nikamwambia. "Bado anasema."