Mvumbuzi wa skrini si lazima avune faida

KAMPUNI inayovumbua skrini mpya si lazima iwatajirishe wenye hisa. Historia ya OLED, skrini ambazo kila nukta hutoa mwangaza wake yenyewe bila taa ya nyuma, inathibitisha hayo.

Mnamo 1987, watafiti wa Kodak nchini Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, walitangaza uvumbuzi uliozaa skrini hizo. Hata hivyo, Kodak iliuza kitengo hicho kwa LG ya Korea Kusini mwaka 2009, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Kwa upande wake, Universal Display, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, haiuzi skrini. Huuza kemikali zinazotoa mwangaza na kuwatoza Samsung na LG ada za kutumia haki zake za uvumbuzi. Hivyo huepuka gharama ya viwanda vya mabilioni ya dola, lakini hutegemea wateja wachache.

Kabla ya kununua hisa, mwekezaji hana budi kuuliza: haki za uvumbuzi ni za nani, zitaisha lini, na wanunuzi ni wangapi?