Nani hugharimia chekechea za umma mashambani?

Mtoto wa miaka minne katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale, huenda akaongozana asubuhi na kaka yake wa gredi ya tatu hadi katika uwanja mmoja wa shule. Wakishapita lango, hata hivyo, kila mmoja huwa wa serikali yake. Mwalimu wa kaka huajiriwa na tume ya kuajiri walimu, TSC, na karo yake hulipwa na serikali kuu. Mwalimu wa mdogo, darasa lake na kikombe chake cha uji, kama kipo, hutegemea bajeti ya kaunti.

Mgawanyo huo ulitokana na Katiba ya 2010. Jedwali la Nne la Katiba lilizikabidhi kaunti elimu ya kabla ya shule ya msingi, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto. Kaunti zote 47 zilianza kazi 2013, nazo zikarithi madarasa ya udongo, walimu wasio na mishahara ya uhakika na wazazi waliokwisha kuchoka kuchanga.

Ni muhimu kukumbuka kuwa chekechea nchini Kenya hazikuanzishwa na serikali. Zilichipuka kwa harambee baada ya uhuru: wanakijiji walitoa kiwanja, wakachagua mwanamke aliyesoma kidogo, wakamlipa kwa michango. Ni 1980 ambapo Wizara ya Elimu ilitwikwa jukumu hilo, na 1984 kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kikaundwa kutayarisha mtaala na kufunza wakufunzi. Mshahara, hata hivyo, ulibaki mikononi mwa mzazi. Mavuno yalipokosekana, mwalimu naye alikosa.

Pigo kubwa lilikuja kwa njia ya neema. Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi na kutoa Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, chekechea ziliachwa nje. Wazazi wengi walipiga hesabu nyepesi: kwa nini kulipia mtoto wa miaka mitano ilhali akitimiza sita atasoma bure? Baadhi waliwaweka watoto nyumbani na kuwapeleka darasa la kwanza moja kwa moja. Madarasa yakafurika watoto ambao hawakuwahi kushika penseli, huku vituo vya vijijini vikipoteza ada iliyomlipa mwalimu. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 1997 ulifika kikomo 2004, na ruzuku zilizofuata chini ya mpango wa elimu wa 2005 zililenga maeneo maskini tu.

Kupima matokeo ya chekechea ni kazi ngumu, kwani hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza PP2, nao wataalamu hawautaki. Dalili huonekana baadaye. Tathmini za shirika la Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilibaini kuwa takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Kwale unatoka Pwani yenyewe. Chekechea za Madrasa, zilizoanzishwa Mombasa katika miaka ya 1980 kwa ufadhili wa Wakfu wa Aga Khan, zilifundisha wanawake wa vijijini kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu, mbegu na vipande vya mbao. Utafiti uliochapishwa 2008, uliohusisha Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionyesha kuwa watoto waliopitia chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani katika vipimo vya akili, na wale wa Madrasa wakawapiku wote. Tofauti ilikuwa mwalimu aliyefunzwa na kutembelewa mara kwa mara na mkufunzi. Jengo la matofali halikuwa siri ya ufanisi huo.

Hilo linastahili kuzingatiwa, kwa maana ugatuzi umependelea majengo. Darasa jipya huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Ziara ya mkufunzi kijijini haina mpiga picha. Mgao ambao kaunti hupokea kutoka hazina kuu haujatenga fungu la lazima la chekechea, hivyo madiwani huamua kila mwaka kiasi kitakachobaki baada ya hospitali na barabara. Fedha zikichelewa kutoka Nairobi, mwalimu wa PP1 huchelewa kulipwa.

Lishe nayo imekwama mpakani. Mpango wa chakula shuleni, ambao serikali iliuchukua kikamilifu kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani 2018, ulibuniwa kwa shule za msingi. Katika maeneo kame, mwalimu mkuu mwenye huruma huwagawia wadogo kutoka sufuria ya wakubwa, na mgao wa kila mmoja hupungua. Kaunti isipoweka uji kwenye bajeti yake, mtoto aliyetembea kilomita kadhaa hurejea nyumbani saa nne, au hukaa kivulini akimsubiri kaka yake.