Wati za Kwenye Boksi, Volti 12 za Kwenye Lebo: Historia Fupi ya Pawa Saplai

Ukimuuliza mtu anayejenga kompyuta yake ya kwanza ya gemu pesa zimekwenda wapi, atakutajia kadi ya picha, kisha prosesa, kisha RAM. Pawa saplai huja mwisho, kwa chenji iliyobaki. Na dukani swali huwa moja tu: "Hii ni ya wati ngapi?" Muuzaji anasoma namba kubwa kwenye boksi, 500 au 600, mnunuzi anaridhika, biashara imekwisha.

Shida ni kwamba namba ile peke yake haisemi mengi. Pawa saplai mbili zilizoandikwa wati 500 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja itaibeba kadi yako ya picha miaka mingi bila neno. Nyingine itazima mashine katikati ya gemu, au siku ikifa itaondoka na madabodi. Tofauti hiyo ina historia yake, na ukiijua, ile lebo yenye namba ndogondogo ubavuni mwa kifaa inaanza kusomeka.

Enzi ya transfoma nzito

Kazi ya pawa saplai haijabadilika tangu mwanzo. Inapokea umeme wa ukutani, ambao ni mkondo geu wenye volti nyingi, na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu wa volti chache ambazo chipu zinaweza kuzihimili.

Njia ya zamani ilikuwa rahisi kuielewa: transfoma kubwa ya chuma na shaba inashusha volti, kisha kidhibiti kinakata ziada iliyobaki kwa kuigeuza joto. Altair 8800, kompyuta ya mwaka 1975 iliyowafanya vijana wengi wa Marekani washike solda, ilitumia njia hiyo. Kadi zilizokuwa ndani yake zilipokea takriban volti 8, na kila kadi ilikuwa na vidhibiti vyake vya kuzishusha hadi 5. Piga hesabu: katika kila wati 8 zilizofika kwenye kadi, 3 ziliishia kuwa joto tupu.

Njia ya pili ni ya kukatakata. Umeme wa ukutani unageuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu, kisha transista inauwasha na kuuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kadiri unavyokatakata haraka, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo, na kifaa kilichokuwa kizito kama tofali kinaenea kiganjani. Joto linapungua pia, kwa sababu transista inayowashwa na kuzimwa kabisa haipotezi umeme mwingi kama ile inayobana katikati.

Wazo hilo halikuanzia kwenye kompyuta za nyumbani. Lilikuwa limeshatumika kwenye setilaiti na mashine kubwa miaka ya 1960. Kilichokosekana ni vipuri vya bei ya kawaida: transista zinazostahimili volti kubwa kwa kasi kubwa, na chipu ya kuziongoza. Mwaka 1976 kampuni ya Silicon General ilitoa SG1524, iliyokusanya kazi ya kuongoza ukatajikataji huo ndani ya chipu moja. Mlango ukafunguka.

Mwaka uliofuata, 1977, ikaja Apple II. Steve Jobs hakutaka kelele za feni, hivyo mhandisi Rod Holt akaisanifia pawa saplai ya kukatakata, ndogo na isiyo na joto jingi. Baadaye Jobs alimweleza Walter Isaacson, mwandishi wa wasifu wake, kwamba kompyuta zote zilizofuata ziliiga kazi ya Holt. Ni hadithi tamu, ila imetiwa chumvi. Holt alifanya kazi safi, lakini teknolojia ilikuwepo kabla yake, na usanifu wa pawa saplai za leo haufanani na wa kwake.

Wati 63.5

Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao ya kwanza, babu wa mashine unayotaka kujenga. Pawa saplai yake ilikuwa ya wati 63.5. Leo kuna prosesa inayokula zaidi ya hizo peke yake.

Hebu tuichambue, maana siri yote iko hapa. Kanuni ni moja: wati ni volti mara ampia. Pawa saplai ile ilitoa volti 5 kwa ampia 7, yaani wati 35. Ikatoa volti 12 kwa ampia 2, yaani wati 24. Zilizobaki, wati 4.5, zilitoka kwenye laini mbili ndogo za volti hasi. Jumla 63.5.

Umeona? Zaidi ya nusu ilikuwa kwenye volti 5, kwa sababu chipu za wakati ule ziliishi kwa volti 5. Volti 12 zilikuwa hasa za kuzungusha mota za diski. Mfalme alikuwa 5, na 12 alikuwa mtumishi.

Mashine zikakua. IBM XT ya 1983 ilikuja na wati 130, na AT ya 1984 ikafika 192. Mtindo wa AT ulitawala zaidi ya miaka kumi, pamoja na mtego wake maarufu: umeme uliingia kwenye madabodi kwa plagi mbili zinazofanana, na ukizibadilishana umeiua bodi. Mafundi walikuwa na kanuni ya kukariri: waya nyeusi zikutane katikati.

Mwaka 1995 Intel wakaleta kiwango cha ATX. Plagi mbili zikawa moja yenye pini 20 na umbo lisilokubali kuingia kinyume. Zikaongezwa volti 3.3 kwa chipu mpya, na laini ndogo ya volti 5 inayobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ndiyo maana leo Windows inaweza kuizima mashine yenyewe. Kabla ya hapo uliandikiwa kwamba sasa ni salama kuzima, kisha unabonyeza swichi mwenyewe.

Mapinduzi ya volti 12

Mwishoni mwa miaka ya 1990 prosesa zilikuwa zimefanya jambo linaloonekana la ajabu: volti zao zilishuka, lakini njaa yao ya wati ikapanda. Madabodi ikawa na vibadilishi karibu na prosesa, vinavyochukua volti 5 na kuzishusha chini ya 2.

Hapo fizikia ikagoma. Tuseme prosesa inataka wati 100. Kwa volti 5 unahitaji ampia 20 zipite kwenye waya na pini. Kwa volti 12 unahitaji 8.3 tu. Na joto linalopotea kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, hivyo waya uleule ukibeba wati 100 kwa volti 5 unapoteza karibu mara sita ya unavyopoteza kwa volti 12. Ni sababu ileile inayofanya nguzo kubwa za gridi zibebe volti laki na ushei.

Mwaka 2000, pamoja na Pentium 4, kikaja kiwango cha ATX12V: plagi ndogo ya pini 4 inayopeleka volti 12 moja kwa moja jirani na prosesa. Mwaka 2003 toleo la pili likaifanya volti 12 kuwa laini kuu, na plagi ya madabodi ikapanda kutoka pini 20 hadi 24. Kadi za picha zikafuata njia hiyohiyo: plagi ya pini 6 kwa wati 75, ya pini 8 kwa wati 150, zote volti 12. Mtumishi amekalia kiti cha mfalme.

Sasa rudi dukani. Tuseme lebo ya pawa saplai ya bei rahisi inasema hivi: volti 3.3 ampia 28, volti 5 ampia 30, volti 12 ampia 20. Jumlisha na zile laini ndogo, unapata karibu wati 500. Kwenye karatasi hesabu imetimia. Lakini volti 12 mara ampia 20 ni wati 240. Prosesa yako na kadi yako ya picha, walaji wakuu wawili, vitagombania 240 hizo huku nyingine zikikaa bure kwenye laini ambazo mashine ya leo inazigusa kidogo tu. Umenunua wati 500 za miaka ya 1990. Pawa saplai nzuri ya wati 550 huandikwa kama ampia 45 kwenye volti 12, yaani wati 540, karibu zote mahali zinapotakiwa.

Dhahabu, shaba na maneno ya mtaani

Mwaka 2004 Marekani ilianzishwa programu ya 80 PLUS. Sharti lake: kifaa kiwe na ufanisi wa angalau asilimia 80 kikibeba asilimia 20, 50 na 100 ya mzigo wake. Mwaka 2008 zikaongezwa ngazi za Bronze, Silver na Gold, na baadaye Platinum na Titanium.

Kuna uvumi kwamba pawa saplai ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80 inakupa wati 400 tu. Si kweli. Wati zilizoandikwa ni zile zinazotoka. Ufanisi unahusu kinachovutwa ukutani: mashine ikitumia wati 400, kwa ufanisi wa asilimia 80 utavuta 500, na kwa asilimia 90 utavuta 444. Tofauti ya wati 56 ni joto ndani ya kasha na shilingi kwenye luku.

Nembo hiyo haipimi kila kitu. Haikuambii kinga zilizomo, na vipimo hufanywa kwenye nyuzi 23, wakati chumba chako cha Dar au Mombasa mwezi wa pili ni habari nyingine. Lakini ina faida moja isiyosemwa sana: ili kufaulu, kifaa lazima kibebe mzigo wake wote. Wati za uongo hazipiti hapo, ilimradi nembo yenyewe iwe ya kweli.

Swichi nyekundu

Kwa nyuma pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Marekani ukutani kuna volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani huzidisha volti mara mbili. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu, kapasita zinapokea mara mbili ya zilichoundiwa, na unasikia mlio. Kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani ikaguliwe swichi hiyo kabla ya kuchomekwa popote.

Nyingi za kisasa hazina swichi hiyo. Zimeandikwa volti 100 hadi 240 na zinajirekebisha zenyewe. Hilo ni zuri kwetu, kwa sababu umeme ukishuka jioni hazitetereki haraka. Hazikukingi, hata hivyo, na mruko mkubwa wa umeme unaporudi baada ya kukatika.

Historia inajirudia

Mwaka 2022 kikaja kiwango cha ATX 3.0 na plagi mpya, 12VHPWR, inayoweza kubeba wati 600. Mwezi Oktoba kadi ya RTX 4090 ikaingia sokoni nayo, na muda si mrefu zikasambaa picha za plagi zilizoyeyuka. Piga hesabu ileile: wati 600 kwa volti 12 ni ampia 50. Zigawe kwa pini sita, kila moja inabeba zaidi ya 8. Plagi isipoingia hadi mwisho, mguso unakuwa hafifu na joto linapanda. Mwaka 2023 plagi ikarekebishwa na kuitwa 12V-2x6. Yaliyoikuta volti 5 mwaka 2000 yameanza kuikuta volti 12.

Basi uchague vipi?

Anza na walaji wakuu. Tuseme unataka RTX 4060, yenye wati 115, na prosesa ya wati 65 ambayo ikikazana hufika 80 na kitu. Weka 60 kwa madabodi, RAM, diski na feni. Unapata kama wati 260. Watengenezaji wa kadi wanapendekeza pawa saplai ya 550, na nafasi hiyo si anasa: kadi za picha huruka juu kwa kitambo kifupi, feni haipigi kelele, na ukibadilisha kadi baadaye hununui upya.

Kisha geuza boksi usome lebo. Zidisha 12 kwa ampia za laini hiyo. Jibu likikaribia namba kubwa ya mbele, endelea. Likiwa nusu yake, rudisha kwenye shelfu. Angalia volti za kuingia, angalia nembo ya ufanisi, na angalia kama kuna kinga ya shoti na ya mkondo kupita kiasi. Kama pesa haitoshi, bora 550 ya kweli na kadi ya picha ya ngazi moja chini. Kadi ndogo itakupunguzia ubora wa picha kidogo, lakini pawa saplai mbovu inaweza kukuachia kasha na feni tu.