Calamitas: Janga Lililoanzia Shambani
Kilatini cha kale kilikuwa na majina mengi ya maafa, lakini calamitas lina historia ya pekee, kwa kuwa kabla ya kuzoeleka katika habari za vita na siasa lilikuwa neno la wakulima, likitaja madhara yanayoipata mimea ingali shambani. Katika Eunuchus, tamthilia ya Terentius iliyoigizwa Roma mwaka 161 KK, mtumwa anamwita kwa neno hilo mwanamke anayependwa na bwana wake, kana kwamba ni janga la shamba linalowatangulia wenyewe kuvuna.

Akiifafanua tamthilia hiyo katika karne ya 4, mwanasarufi Donatus alieleza kwamba wakulima waliita hivyo mvua ya mawe, kwa sababu huvunja calamus, yaani bua. Jina hilo la bua lilitoka kwa Wagiriki, ambao kalamos yao ndiyo iliyowapa Waarabu qalam, na Waswahili kalamu. Maelezo ya Donatus yanavutia, ila wanaisimu wa leo wanayatilia shaka, na wengi wao hulihusisha neno na incolumis, yaani “salama, asiyedhurika”. Tena imepokewa kwamba jemadari Pompeius aliandika na kutamka kadamitas, kwa d, jambo linalozidi kuitikisa hoja ya bua.

Kisarufi, hii ni nomino ya jinsia ya kike katika ngeli ya tatu ya Kilatini, sawa na libertas, “uhuru”, na shina lake hujitokeza katika umbo la umilikaji, calamitatis, ambalo kwa wingi huwa calamitatum, kama katika Historia Calamitatum, masimulizi ya mwanafalsafa Abaelardus ya karne ya 12 kuhusu mateso yake. Caesar, akikumbuka jinsi Waroma walivyoshindwa na tawi moja la kabila la Wahelvetii mwaka 107 KK, analitumia pamoja na kitenzi inferre, “kuleta”, huku jina la walioshindwa likibadilishwa mwisho wake kuonyesha kwamba ndio waliofikiwa na tendo, kazi ambayo Kiswahili huifanya ndani ya kitenzi kwa kauli ya kutendea: kuwaletea. Kivumishi chake, calamitosus, kina utajiri zaidi, kwani Cicero alikitumia kwa vita vinavyoangamiza na pia kwa watu walioangamizwa.