The River and the Mountain: Mambo Mazito Kwenye Igizo Lililofanya Prodyusa Atimuliwe Uganda

Ukiwa Kitale ama Bungoma, Uganda iko hapo tu, ng'ambo ya Suam na Lwakhakha. Igizo hili la Beau Hopkins lilichezwa Kampala Agosti 2012. Dhamira zake kuu:

Maisha ya kujificha: Samson ni mfanyabiashara mwenye doo zake, ila anapenda wanaume. Siri ikitoka, wasee wa job yake mwenyewe wanamuua.

Familia: Mathe anamtafutia "dawa" kwa pasta, kisha kwa mganga. Anataka kumwokoa, lakini hamsikizi.

Siasa: Chuki haiji yenyewe. Kuna wakubwa na wahubiri wanaoikoroga kwa faida yao.

Nje ya jukwaa mambo yalichemka pia. Serikali ilikuwa imeagiza igizo lingoje ruhusa. Prodyusa David Cecil, Muingereza, alishikwa Septemba 2012. Kesi ilitupwa Januari 2013, lakini Februari akafurushwa nchini.

Na usidhani ni stori ya majirani pekee. Kwetu Kenya, kifungu cha 162 bado kinabeba hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.